Vidonge vya Damu kwa Mjamzito: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Dirishani

Maswali haya yametoka kwenye dirisha la dawa. Mama anasimama na kadi ya kliniki mkononi, foleni iko nyuma yake, ana nusu dakika ya kuuliza, na mara nyingi anaondoka na nusu ya jibu. Hapa nimejibu kwa kirefu. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi, lakini mwili wa mjamzito wa Mombasa au wa Muscat unapokea chuma, madini yaliyomo ndani ya vidonge hivi, kwa namna ileile. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya mkunga au daktari aliyekupima.

## Kabla hujanunua chochote

HB ni nini, na damu "ndogo" inaanzia ngapi?

HB ni kipimo cha himoglobini, kile kitu chekundu ndani ya damu kinachobeba oksijeni. Kliniki wanakutoboa kidole, tone moja linaingia kwenye kipande kidogo cha plastiki, mashine inasoma. Jibu linaandikwa kwa gramu katika kila desilita ya damu, ila watu husema namba tu: "damu yangu ni tisa nukta mbili."

Kwa mjamzito, 11 na kuendelea ni sawa. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, hata 10.5 inakubalika, kwa sababu kipindi hicho maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, damu ikawa kama uji uliozidishiwa maji. Chini ya hapo hadi 10 ni upungufu mdogo. Kati ya 7 na 9.9 ni wa kati. Chini ya 7 ni mkubwa, na hilo si suala la duka la dawa tena. Nenda moja kwa moja kwenye swali la HB chini ya 7.

Shangazi akikwambia yeye damu yake ilikuwa "asilimia 60", anazungumzia kipimo cha zamani. Usilinganishe na namba yako.

Sijisikii vibaya, na HB yangu ni 11.4. Kwa nini napewa vidonge?

Kwa sababu safari bado ndefu. Kuanzia mimba kutunga hadi kujifungua, mwili unahitaji takriban miligramu 1,000 za chuma: za mtoto, za kondo la nyuma, za damu yako inayoongezeka, na za ile itakayopotea siku ya kujifungua. Ni wanawake wachache wanaoingia kwenye ujauzito na akiba ya kutosha kulipa deni hilo, hasa kama hedhi zilikuwa nzito au mtoto aliyetangulia bado ananyonya.

Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 57 ya wajawazito wana upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linasema mahali ambapo idadi hiyo inafika asilimia 40, kila mjamzito apewe miligramu 60 za chuma kila siku bila kungoja apungukiwe. Ndiyo maana unapewa.

Kupungukiwa damu maana yake ni kupungukiwa chuma?

Mara nyingi, lakini si kila mara. Malaria inavunja chembe za damu. Minyoo ya safura inakunywa damu utumboni kidogo kidogo, miezi na miezi. Kuna kichocho, kuna selimundu (siko seli), kuna upungufu wa folati (ndiyo foliki) au vitamini B12, kuna VVU. Kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma kinaitwa feritini. Vituo vingi hawanacho, na hata penye kipimo, maambukizi yoyote mwilini huipandisha feritini ikaonekana nzuri ilhali akiba imeisha.

Kwa hiyo kliniki nyingi huanza na chuma, kisha hupima HB tena baada ya mwezi. Ikipanda, jibu limepatikana. Isipopanda, tazama swali la HB isiyopanda.

## Kuchagua

Kuna FEFO ya bure ya kliniki, na kuna dawa ya bei dukani. Ipi bora?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu huwakatisha tamaa wauzaji: kama tumbo lako linaikubali, FEFO ya kliniki inatosha. Kidonge kile chekundu kisicho na boksi la kung'aa kina chuma na asidi ya foliki, na ndivyo viwili unavyovihitaji. Kenya hukijua kwa jina la IFAS. Mle ndani ni vilevile.

Kinachowaponza wengi si ubora wa kidonge, ni kwamba hawakimezi, au wanakimeza na chai. Nimewahi kuletewa boksi la vidonge vya bei mbaya, limechorwa mama anatabasamu, limeorodheshwa vitamini na madini zaidi ya ishirini. Mwenyewe alikuwa amevimeza kwa uaminifu miezi miwili na HB imegoma kwenye 9. Tukageuza boksi upande wa nyuma, tukashuka kwenye orodha ya maandishi madogo: chuma, miligramu 10. Alikuwa analipia vitu vingine vyote, alichokikosa ndicho kilichomleta.

Lini ununue? FEFO ikiwa imeisha kituoni, jambo ambalo hutokea, au ikikutapisha hata baada ya kujaribu mbinu zilizo kwenye sehemu ya maudhi. Hapo nunua, lakini soma pakiti kwanza.

Nisome nini kwenye pakiti?

Soma kiasi cha chuma halisi. Kidonge hakina chuma kitupu. Kina chumvi ya chuma, na sehemu kubwa ya uzito wake ni hiyo chumvi. Pakiti itakuwa imeandikwa ferrous sulphate, ferrous fumarate au ferrous gluconate. Hapa nitaziita salfeti, fumareti na glukoneti. Namba kubwa iliyo mbele ya boksi mara nyingi ni uzito wa chumvi. Ile unayoitaka imeandikwa kwa herufi ndogo, "elemental iron".

Kama hawakuiandika, tumia hesabu hii:

- Salfeti kavu miligramu 200: chuma halisi takriban 65.
- Fumareti miligramu 200: takriban 65.
- Glukoneti miligramu 300: takriban 35.

Unaona mtego ulipo. Glukoneti ya 300 inaonekana kubwa kuliko salfeti ya 200, kumbe chuma chake ni karibu nusu. Wanaosema "glukoneti haisumbui tumbo" wana ukweli kidogo, ila sehemu ya upole huo ni kwamba umemeza chuma kidogo.

Dozi yangu ni ngapi?

Ya kukinga ni miligramu 60 za chuma halisi kwa siku, pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Hicho ni kidonge kimoja cha FEFO. Ya kutibu, HB ikiwa imeshuka, Shirika la Afya Duniani linapendekeza 120 kwa siku hadi HB irudi sawa, kisha unarudi kwenye 60. Vidonge viwili, basi.

Walioko Uingereza wataona daktari wao anaandika 40 hadi 80 hata kwa matibabu. Si kosa, wana mwongozo wao. Fuata wa anayekupima.

Hivyo viwili nimeze kwa pamoja, au asubuhi na jioni?

Zamani tuliambiwa tugawe. Siku hizi tunajua zaidi kuhusu homoni iitwayo hepsidini, inayotoka kwenye ini. Ukimeza dozi kubwa ya chuma, hepsidini inapanda na kufunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, kwa hiyo cha jioni kinakuta mlango umeegeshwa. Kama tumbo linastahimili, meza kwa pamoja mara moja kwa siku. Kama vinakuchafua moyo, gawa. Afadhali hivyo kuliko kuviacha.

Kutoka hapo ndipo lilipoanza wazo la kumeza siku moja na kuruka moja. Utafiti wa mwanzo uliofanyika Zurich ulihusu wanawake wasio wajawazito. Kwa mjamzito mwongozo wa kimataifa bado unasema kila siku. Ikiwa kila siku imekushinda kabisa, zungumza na mkunga kuhusu kuruka siku, msikubaliane wewe na rafiki yako.

Dawa ya maji si inaingia haraka zaidi?

Haiingii haraka kuliko kidonge. Faida yake ni kwa asiyeweza kumeza vidonge. Hasara zake ni tatu: inatia meno weusi (inywe kwa mrija, kisha sukutua), vijiko vya nyumbani havilingani, na chupa nyingi zina chuma kidogo kwa kila mililita 5, hivyo unaweza kuhitaji zaidi ya kijiko unachokidhania. Soma chupa kama unavyosoma pakiti.

Vidonge vya kuyeyuka polepole je?

Vimetengenezwa vipite tumbo bila kuliudhi, na shida yao ni hiyohiyo. Chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kidonge kinachofunguka mbele ya hapo kimekwishapita kituo. Si chaguo la kwanza.

Na zile pipi laini za vitamini za wajawazito?

Ndugu walioko Ulaya na Marekani hututumia sana. Tamu, lakini nyingi hazina chuma kabisa.

Kliniki wamenipa vidonge vya virutubishi vingi, chuma chake ni 30 tu. Wamenipunja?

Hapana. Vile vyenye virutubishi 15 kwa pamoja vimepangwa hivyo, na kwa kukinga vinafanya kazi. Lakini kama HB yako imeshashuka, waulize kama wanakuongezea chuma cha kutibu. Usichanganye mwenyewe na FEFO kwa kukisia.

## Namna ya kumeza

Saa ngapi ni nzuri?

Tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Wengi wanafanikiwa kulala nacho. Wameshakula chakula cha usiku mapema, wanameza wakipanda kitandani, kichefuchefu kinawakuta wamelala.

Maji yanatosha. Ukipata kitu chenye vitamini C ni bora zaidi, kwa kuwa inasaidia chuma kufyonzwa: nusu ya chungwa, maji ya ndimu, pera, au ubuyu ulioloweka usio na sukari nyingi. Huna haja ya kununua vidonge vya vitamini C kwa ajili hii.

Chai ina ubaya gani? Nakunywa kikombe kimoja tu.

Chai, ya rangi au ya maziwa, ina vitu vinavyoshikana na chuma vikatoka nacho chooni. Kahawa vilevile. Kikombe kimoja kikikutana na kidonge kinatosha kuharibu sehemu kubwa ya dozi.

Angalia asubuhi ya kawaida. Saa moja, chai na chapati, kidonge kinamezwa kwa chai ileile kwa sababu kikombe kiko mkononi na usipomeza sasa utasahau. Saa nne, chai nyingine kazini. Saa kumi, chai ya jioni. Mtu huyu anameza kila siku na hapati chochote. Simwambii aache chai, maana hatanisikia. Namwambia kidonge kihame: weka angalau saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake. Mara nyingi hiyo nafasi ni usiku tu.

Maziwa, mtindi na dawa za kiungulia nazo zinazuia. Zipe nafasi hiyohiyo.

Nimepewa na kalsiamu. Nimeze pamoja niishe mara moja?

Usichanganye. Vinagombea mlango. Kalsiamu pamoja na chakula cha mchana, chuma usiku.

Ramadhani nifanyeje?

Kwanza kama ufunge au usifunge, hasa HB ikiwa chini, muulize mhudumu wako. Mjamzito ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Ukifunga, usimeze wakati wa futari wala daku, kwani pote pana chai, maziwa na chakula kingi. Baada ya tarawehe, saa mbili zikiwa zimepita tangu ule, meza na maji ya ndimu.

Nimesahau jana. Leo nimeze vya siku mbili?

Hapana. Meza cha leo, endelea.

## Maudhi

Choo kimekuwa cheusi. Ni damu?

Ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Wahudumu wengine hukitumia kujua kama kweli unameza. Choo cha kutia hofu ni kile cheusi chenye kunata kama lami, kinachonuka vibaya kupita kawaida, tena una maumivu ya tumbo au kizunguzungu. Hicho nenda nacho hospitali.

Vinanichafua moyo, natapika. Niache?

Usiache kabla hujajaribu haya, moja baada ya jingine. Hamisha hadi usiku. Meza pamoja na chakula kidogo kisicho na maziwa, kama kipande cha muhogo au ndizi. Utapoteza chuma kiasi, lakini utabaki na kingine. Kama ni viwili kwa siku, gawa. Yote yakishindikana, rudi kliniki wakubadilishie aina au wapunguze dozi.

Kama uko miezi mitatu ya mwanzo na unatapika kila kitu, pengine kosa si la kidonge. Wapo wanaoelewana nacho vizuri kuanzia mwezi wa nne. Mwambie mkunga, asije akadhani unameza.

Ukitapika ndani ya nusu saa, au ukakiona kidonge, hakijaingia. Usirudie papo hapo, subiri kesho.

Choo kigumu mno.

Ujauzito wenyewe hufanya hivyo, chuma kinazidisha. Maji mengi, papai, matembele, dona badala ya sembe, na kutembea. Bado? Kliniki wana dawa salama ya kulainisha. Usinunue dawa za kuharisha wala za asili za "kusafisha tumbo".

Nasikia vinakuza mtoto, nitapasuliwa.

Nimeisikia kwa wakwe na mawifi wengi. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2015 ulilinganisha wajawazito waliopewa miligramu 60 za chuma na wasiopewa. Watoto wa waliopewa walizaliwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Hiyo ni sawa na mayai matatu. Haimpeleki mtu chumba cha upasuaji, bali inamwondoa mtoto kwenye kundi la waliozaliwa njiti au wadogo.

Na yule anayesema "damu ikiwa nyingi itamwagika yote ukijifungua" ameelewa kinyume. Damu itakayotoka itatoka. Swali ni utabaki na kiasi gani.

## Chakula na tiba za nyumbani

Si ninywe tu juisi ya rozela, bitiruti na matembele?

Kunywa, kula, lakini usiviweke mahali pa kidonge. Rangi nyekundu ya rozela na bitiruti haihusiani na damu. Majani ya kijani yana chuma, ila ni cha mimea na utumbo hukipokea kwa shida. Nyama nyekundu, samaki na dagaa wana chuma kinachofyonzwa vizuri zaidi, na vinasaidia hata kile cha mboga kuingia. Kisamvu chenye dagaa ndani, na kipande cha ndimu pembeni, ni chakula kilichopangwa vizuri bila mtu wa lishe kusimama jikoni. Ila mwenye HB 8 hawezi kuipandisha kwa chakula tu hadi ikafika 11 kabla mtoto hajaja.

Juisi ya majani mabichi yaliyotwangwa mimi siipendi, hasa kama hujui yameoshwa kwa maji gani.

Maini?

Yana chuma kizuri, na vitamini A nyingi mno. Vitamini A ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kumdhuru mtoto. Kipande kidogo mara moja moja hakina neno. Kula kila siku "kwa ajili ya damu" hapana.

Natamani udongo wa pemba, na mchele mbichi. Ni mimba tu?

Hamu hiyo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa chuma, na wengine hutamani barafu. Mwambie mkunga hata kama unaona aibu, kwani inamsaidia kujua. Udongo nao unaweza kushikana na chuma kama chai, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo. Wengi huona hamu inapungua chuma kikianza kuingia.

## Hali za pekee

Nimepewa na SP, vidonge vya kukinga malaria. Vinagombana?

FEFO yenye foliki ya 0.4 na SP havigombani. Siku umemeza vidonge vitatu vya SP mbele ya nesi, usiku endelea na FEFO yako.

Shida iko kwenye vile vidonge vya njano vya foliki ya miligramu 5 vinavyouzwa peke yake. Kiasi hicho kinadhoofisha SP isifanye kazi yake. Kama uliandikiwa 5 kwa sababu maalumu, mkumbushe anayekupa SP, atapanga. Kama hukuandikiwa na mtu, huvihitaji.

Chuma si kinawalisha vijidudu vya malaria?

Hofu hii ina chanzo. Utafiti mkubwa wa Pemba, uliochapishwa 2006, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na foliki mahali penye malaria nyingi walilazwa na kufariki zaidi. Walikuwa watoto. Kwa wajawazito, utafiti wa Dar es Salaam wa wanawake 1,500 wasio na upungufu haukukuta chuma kikiongeza malaria kwenye kondo, na ule wa magharibi mwa Kenya nilioutaja haukukuta kikiongeza maambukizi. Ila meza chuma huku ukilala kwenye chandarua na ukipata SP. Hiyo ni sehemu ya tiba.

Nina selimundu.

Usianze chuma kwa kuona HB ndogo tu. HB yako huwa ndogo kwa sababu nyingine, na ukiongezewa damu mara kwa mara unaweza kuwa na chuma kilichozidi. Unahitaji foliki, tena kwa dozi kubwa. Chuma ni hadi feritini ithibitishe upungufu. Hapo hata lile la SP linapangwa na daktari wa kliniki yako.

Natumia ARV.

Dawa nyingi za sasa zina dolutegravir, na chuma kinaizuia isiingie vizuri. Kuna njia mbili: meza vyote pamoja na chakula, au, kama unameza bila chakula, tanguliza ARV saa mbili kabla ya chuma au ichelewe saa sita baada yake. Kalsiamu ni hivyohivyo. Kama uko kwenye kotrimoksazoli hupewi SP. Kama huna pa kuficha pakiti mbili nyumbani, waambie CTC, kliniki unakochukulia ARV. Si wewe wa kwanza.

Wanaomeza dawa ya tezi la shingo, levothairoksini, waachanishe saa nne.

Mwezi umeisha, HB haijapanda.

Tunategemea ipande angalau 1 ndani ya wiki nne. Isipopanda, jiulize kwanza kwa siri, bila mtu kukufokea: nilimeza siku ngapi kati ya thelathini? Kwa chai? Kiasi cha chuma halisi ni ngapi? Kama majibu ni mazuri, kliniki iangalie malaria, choo kwa ajili ya safura, mkojo, selimundu, vidonda vya tumbo. Dawa ya minyoo hutolewa mara moja kuanzia mwezi wa nne, albendazoli 400 au mebendazoli 500. Wengi huipokea na kuisahau kwenye pochi. Angalia pochi.

Dripu ya chuma ni ya nani?

Kwa ambaye vidonge vimemshinda au havikumpandisha, au aliyegundulika na upungufu wiki za mwisho, siku zimebaki chache. Haitolewi miezi mitatu ya kwanza. Itolewe hospitali penye dawa za dharura, kwa kuwa mzio mkali, ingawa ni nadra, hutokea. Si kila hospitali inayo, na gharama yake inauma. Sindano ya chuma ya matakoni ni ya zamani, inauma na inaacha doa, usiikubali dukani.

HB yangu iko chini ya 7. Ninunue dawa kali?

Hakuna dawa kali ya dukani. Nenda hospitali leo, na ndugu awepo. Kama unahema ukiwa umekaa, moyo unadunda, unazimia, au unatoka damu, usingoje hata HB. Nenda usiku huohuo. Huenda ukaongezewa damu, hasa ukiwa karibu kujifungua, ndiyo maana ndugu aandamane nawe akijua anaweza kuombwa kuchangia.

Nimejifungua. Niache?

Bado. Endelea wiki 6 hadi 12, hata kama unanyonyesha. Kama ulikuwa unatibiwa, endelea miezi mitatu baada ya HB kuwa sawa. HB ikifika 11 damu imejaa lakini ghala bado tupu.

Vimebaki vingi. Naweza kumpa mama mkwe? Naye analalamika hana damu.

Usimpe. Mtu wa umri wake akipungukiwa damu lazima itafutwe inakovujia, na vidonge vitaficha dalili. Mpeleke akapimwe.

Na hivyo vilivyobaki viko wapi sasa hivi? Kama ni juu ya friji ya chini au kwenye mkoba uliolala kitandani, vihamishe. Ni vyekundu, vina ganda tamu, mtoto huviona pipi. Mtoto wa kilo 10 akimeza kumi amepata miligramu 600 za chuma, kiasi kinachoweza kumuua. Hutapika na kuharisha, pengine na damu, kisha anatulia kwa saa kadhaa kama amepona, halafu hali inabadilika ghafla. Akimeza, hata kama anacheza, mbebe na pakiti yake mwende hospitali wakati huohuo. Usimpe maziwa ukangoja uone.